Tangazo la Harusi katika Faili la Dawa

Mwalimu Bhagirathi Pant, aliyekwisha kustaafu, alikuwa na kazi moja katika zahanati ya Tabibu Hemlata mjini Almora: kusoma magazeti kila asubuhi na kuamua habari ipi inahusu tiba ya bangi na ipi haihusu. Iliyohusu aliikata na kuitia katika faili. Isiyohusu ilifungiwa karanga.

Kanuni yake ilikuwa fupi: habari iitaje dawa, ugonjwa au sheria, la sivyo, haina nafasi. Jumatano ile alikuwa mkali kupita siku zote, kwa kuwa kibali cha kutoa mafuta ya bangi kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Fomu ya kukiongezea muda ilikuwa tayari, na Tabibu alikusudia kuipeleka kwa mkaguzi Ijumaa hiyo asubuhi. Bila saini, wagonjwa arobaini na wawili wangerudi mikono mitupu, akiwamo dada yake Mwalimu, ambaye maumivu ya miguu hayakumpa usingizi bila matone yale.

Kundan, mchanganyaji dawa, mtu wa makamo apendaye mzaha, akamwekea kipande cha gazeti mezani.

"Mwalimu, hii lazima. 'Mbuzi wavamia shamba la bangi, walala siku mbili.'"

"Walikuwa na cheti cha daktari?"

"Hawakuwa nacho."

"Nani aliwapimia dozi?"

"Walijipimia wenyewe."

"Haihusu. Kafungie karanga."

"Basi hii. Mwigizaji asema chatini ya mbegu za bangi imemrudishia ujana."

"Chatini hiyo naila tangu sijaota meno. Hebu nitazame, kisha uniambie. Haihusu."

Kundan akaweka cha tatu. Lilikuwa tangazo la harusi.

Mwalimu akavua miwani. "Wewe Kundan, umeanza kunywa dawa za wagonjwa?"

"Lisome, Mwalimu. Ila usisome kama unayesahihisha mtihani."

Akalisoma. Baba wa bibi harusi: Bwana Mohan Singh Rautela, mkaguzi wa dawa wa wilaya. Harusi Ijumaa, Haldwani. Ukoo wote kuondoka Almora Alhamisi alfajiri.

"Halitaji dawa," akasema, sauti ikipungua nguvu.

"Halitaji. Wala halitaji atakayetusainia Ijumaa."

Mwalimu alijua fika kwamba wilaya nzima haikuwa na mkono mwingine wenye mamlaka hayo. Akalitazama tangazo kwa chuki, kama amtazamavyo mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia mbovu. Kisha akaandika juu yake kwa wino mwekundu, "Linahusu", akatwaa fomu na kujitanda shali.

Kwa mkaguzi, wanawake walikuwa wakimsinga bibi harusi kwa manjano. Bwana Rautela akatoka, naye amepakwa hadi viwiko.

"Mwalimu wangu! Leo ofisi imefungwa!"

"Ofisi imefungwa, wewe umesimama mbele yangu. Saini."

"Lakini mikono hii..."

"Nilikufundisha kuandika ukiwa na kamasi hadi kidevuni. Hukusingizia mikono."

Wageni wakaangua kicheko. Mkaguzi akaisoma fomu mstari kwa mstari, kama ilivyompasa, akatia saini. Alama ya gumba la manjano ikabaki pembeni.

Alasiri, Tabibu Hemlata akafungua faili. "Harusi? Na kanuni yako, Mwalimu?"

"Imeongezewa kifungu," akajibu bila kuinua macho. Alikuwa amefungua ukurasa wa matangazo ya vifo, anausoma kalamu mkononi.