Glasi ya Kwanza Ilikwenda kwa Wifi

Kwenye sinki la chumba cha matangi kulikuwa na glasi mbili zimefudikizwa, zote bado zinachuruzika maji. Mama Ulimi alizikuta asubuhi alipokuwa akienda kuvaa koti lake jeupe, na hapo hapo siku yake ikaharibika. Glasi moja ilikuwa ya mumewe, hilo halikuhitaji mganga. Ya pili ilikuwa ya nani?

Mtu mwingine angeona glasi tu, akapita zake. Lakini huyu alikuwa muonjaji mkuu wa kiwanda kile kidogo cha bia, jina la Mama Ulimi hakupewa kwa umbea, na mumewe ndiye fundi aliyekuwa akiipika hiyo bia. Tangu enzi za uchumba wao, bia mpya ikiiva, fundi alichota glasi ya kwanza akamletea yeye kabla hajaigusa yeyote, hata mwenye kiwanda. Alisimama tu akimtazama anavyomeza, maana bia haitemwi. Uchungu wake hukaa nyuma kooni, na usipomeza hujaionja. Wengine huchumbiwa kwa maua. Yeye alichumbiwa kwa bia changa isiyochujwa, wala hakuona kwamba amepunjwa.

Na sasa bia nyeusi iliyotiwa cheri, yale matunda mekundu ya kizungu yenye kokwa, bia ambayo fundi ameihangaikia miezi mizima mpaka anaitaja usingizini, ilikuwa imeshaonjwa na mtu mwingine.

"Umeionja ile ya cheri?" alimuuliza mumewe walipokutana mlangoni.

"Kidogo tu. Bado haijakaa sawa."

"Umeionja peke yako?"

Fundi akainama kufunga kamba ya buti, kamba ambayo ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. "Mama, nimeacha moto unawaka huko," akasema, akaondoka.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mama Ulimi alishinda asubuhi ile akiwapima wanawake wa kiwanda mmoja baada ya mwingine. Karani wa mapokezi hakuwa yeye, kwa sababu anajimwagia manukato, na mwenye manukato hasogei karibu na matangi. Mpishi wa kantini ana mdomo mpana. Angekuwa yeye, kiwanda kizima kingeshajua. Alikuwa bado anapima alipomwona mtu akitoka kwenye chumba cha matangi huku akijifuta povu mdomoni kwa ncha ya aproni. Alikuwa wifi yake.

Dada mkubwa wa fundi huyo, mjane, aliyekuja kukaa nao siku chache na siku chache zikaota mizizi. Analala chumba cha nyuma, na kiwandani anabandika karatasi kwenye chupa. Afadhali angekuwa kimada! Kimada unamwendea, mnavuana vilemba, watu wanaamua, mambo yanakwisha. Wifi utamfanya nini? Anakula mezani kwako, na ukimgombeza, mumeo ananuna wiki nzima.

Wala usidhani ni wivu wa kitanda. Ulikuwa wivu mbaya zaidi. Alikuwa na ulimi mmoja tu wa kujivunia duniani, na mwanamume aliyempendea ulimi huo. Kama ulimi wa mbandika karatasi unatosha, basi yeye alikuwa nani mahali pale, na alikuwa nani nyumbani?

Mchana wakaitwa kuonja. Chumba cha kuonjea kilikuwa na kuta nyeupe tupu, bila picha wala pazia, na dirisha lake hufungwa ili harufu za nje zisiingie. Waingiao hunawa kwa sabuni isiyonukia, na hakuna aliyekula kitunguu. Bwana Mauzo alikuwa ameshakaa, tumbo limegusa meza, anasubiri bia yake ya kuuza. Mle ndani neno la Mama Ulimi ndilo lililokuwa la mwisho: akisema ipite, inakwenda kwenye chupa, akisema imwagwe, inamwagwa, na hapana rufaa.

Fundi akaweka glasi mbele ya kila mmoja. Nyuma yake akaingia wifi na jagi lililofunikwa, akaliweka kando, akageuka kutoka.

"Kaa, dada," fundi akamwambia. "Leo na wewe uonje."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mama Ulimi aliinua glasi yake. Bia ilikuwa nyeusi tii, povu lake limetulia, rangi ya chai ya maziwa. Akaipeleka puani, akatikisa kichwa kidogo kama kawaida yake, akanywa funda moja, akameza.

"Inaanza vizuri," alisema kwa ile sauti yake ya kufundishia. "Mkate uliochomwa. Kahawa. Kwa mbali, chokoleti chungu. Halafu inaharibika. Cheri imezidi, imejaa pua nzima, inakera kama dawa ya kikohozi ya watoto. Mkono wa fundi siuoni humu. Naona mkono wa mtu asiyejua bia, aliyeambiwa onja, akasema ongeza." Akamkazia wifi yake macho. "Imwagwe!"

Bwana Mauzo akanusa glasi yake. Akanusa tena. Akanywa, akamtazama fundi, na fundi alikuwa amefumba macho.

"Wifi yangu," mjane akasema polepole, "hii haina cheri."

"Unasemaje?"

"Haina. Hii ni nyeusi yetu ya siku zote. Ya cheri bado iko kwenye jagi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya bia yoyote yenye tunda, chumba kile huonja kwanza ile mama yake isiyotiwa kitu, ili ulimi upate pa kulinganishia. Sheria hiyo aliitunga Mama Ulimi mwenyewe, na amewahi kuwafokea watu wazima kwa kuisahau. Leo wivu ulikuwa umempofusha, akaishutumu cheri ndani ya glasi ambayo cheri haijawahi kupita.

Bwana Mauzo alikumbuka ghafla kwamba ana mtu nje. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyemzuia.

"Mmenitega," Mama Ulimi akasema mlango ulipofungwa.

"Sikukutega." Sauti ya fundi ilikuwa imekauka. "Nimeweka glasi kama tunavyoweka siku zote. Nilikuwa namwomba Mungu useme tu, hii ya kawaida, leteni nyingine."

"Hasira zilinipanda. Mtu hawezi kukosea mara moja?"

"Si mara moja, mke wangu. Tangu yale mafua yaliyokulaza. Lile tangi ulilolipitisha baada ya kupona lilikuwa linanuka kabeji iliyochemshwa. Nililimwaga, nikawaambia watu pampu imeharibika. Na lililofuata vilevile."

"Ungeniambia!"

"Ningeanzia wapi? Siku zote wewe ndiye unayeniambia mimi."

"Ukaona bora umwambie dada yako."

"Nilihitaji pua," akasema fundi. Akatoka.

Mama Ulimi alibaki ameitazama meza. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja, kwa sababu alikuwa anajua. Alijua tangu siku aliyounguza mboga na kugundua kwa kuona moshi. Chumvi alikuwa akiipima kwa vidole, maziwa akiyaamulia kwa macho, na bia alikuwa akiisimulia kwa kukariri, kama watu wanavyosoma dua waliyoizoea huku mawazo yako sokoni. Mkate, kahawa, chokoleti: maneno hayo yalitoka kichwani, hayakutoka ndani ya glasi. Hakuna mtu aliyemwibia kitu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana kama angekuwapo mwizi, angalau angekuwa na wa kumchukia.

"Nimiminie hiyo ya cheri," alisema.

Wifi akafunua jagi, akammiminia, akajimiminia na yeye. Mama Ulimi akanusa kwa nguvu mpaka povu likamgusa pua. Akanywa, akaizungusha mdomoni, akameza. Ilikuwa baridi. Ilikuwa chungu, na pembeni mwa ulimi ilikuwa kali kidogo. Basi. Zaidi ya hapo ilikuwa maji. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Inasemaje kwako?" aliuliza.

"Mimi sijui kueleza, wifi yangu."

"Sema hivyo hivyo."

Mjane akanywa, akakunja uso. "Inaungua. Kama mkate."

"Ndani ya mkate au ukingoni?"

"Ukingoni. Pale panapogusa chuma." Akafikiri. "Kisha inakuwa nzito, halafu kavu."

"Na cheri iko wapi? Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho. Unadhani imekwisha, umeshameza kabisa, ndipo inakuja. Si tamu. Ni kama umetafuna na kokwa lake." Akaiweka glasi chini, akashusha pumzi. "Wifi, nikwambie ukweli? Mimi hata bia siipendi. Inanipa kiungulia. Na huyu mdogo wangu—"

"Ni mdogo wako wewe, kwangu mimi ni mume."

"Haya, mume wako. Kila akinionjesha, haniulizi kama ni nzuri. Ananiuliza, 'Yeye angeipenda?' Asubuhi yeye angeipenda, mchana yeye angeipenda. Cheri zilikuwa zinakuja mwanzo, nikamwambia ni nzuri, akakataa. Akasema, 'Hapana, yeye hapendi kitu kinachoanza kwa kelele.' Akaanza upya. Mimi najibu ndiyo, ndiyo, nirudi kwenye chupa zangu. Nitajuaje unachopenda?"

Mama Ulimi aliikazia macho glasi ya wifi yake. Wivu ulikuwa umempanda tena, mkali kuliko wa asubuhi, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Bia ilikuwa imepikwa kwa ajili yake, tangu mkate mpaka kokwa, na aliyeipata alikuwa mwanamke huyu mwenye kiungulia, asiyejua hata amepewa nini.

Wifi akanyoosha mkono kuchukua glasi yake aimalizie.

"Acha," Mama Ulimi akasema. Akaivuta kwake, akainywa yote, ile baridi na ule uchungu mtupu, mpaka povu la chini. Kisha akalisogeza na jagi upande wake wa meza.