Mahubiri ya Mzee Fondo

Jua la alasiri lilikuwa bado laichoma baraza ya Bi Nabiha pale Mji wa Kale, wakati Zilpah alipotokea akihema, bahasha kubwa kaikumbatia kifuani. Nyuma yake mjukuu wake, Jacinta, na kompyuta begani.

"Hodi, Bi!"

"Karibu, ndoo ukae. Wahema hivyo, wafukuzwa na nani?"

"Na Jumamosi."

Zilpah akakaa, akaeleza. Kanisa lao la Presbiteri lilikuwa likikusanya maandishi ya wahubiri wake wa kale, yachapwe kitabu ambacho vijana wa leo wangekisoma. Babake, Mzee Fondo, alihubiri miaka thelathini na kuacha madaftari. Lakini Mzee Fondo hakuingia skuli. Alipokuwa hamali Marikiti, mwenye duka mmoja alimfundisha kuandika kwa herufi alizozijua yeye mwenyewe, za Kiarabu. Basi maneno yalikuwa Kiswahili kitupu, herufi ni hizo, na kanisani hapana mtu aliyeziweza. Kamati ilimwambia kwa upole kwamba yasiposomeka kufikia Jumamosi, kitabu kitatoka bila babake.

"Nikakukumbuka wewe, uliyefundisha watoto Kurani chuoni miaka arubaini."

"Mimi nisome mahubiri ya kanisani!" Bi Nabiha akacheka hata mtandio ukamteleza. "Lete. Nimewasomea watu barua za mapenzi mtaa mzima, hayo yatanishinda?"

Jacinta alikuwa amelipiga picha daftari la kwanza, akachapa kurasa kwa ukubwa na kuzitia nambari. Bi Nabiha akavaa miwani, akashika ya kwanza.

"'Amina. Nendeni kwa amani, na kina mama wa kwaya wasisahau mazoezi.'" Akainua uso. "Babako alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Akashika ya pili, ya tatu.

"Hapa samaki keshaliwa. Hapa yuko motoni. Na hapa, subhanallah, karudi baharini!"

Jacinta alikuwa hoi kwa kicheko. Zilpah hakucheka. Huenda wale wa kamati wangeona mzee alikuwa akibabaika tu, na wasingekosea.

Bi Nabiha akazitazama karatasi tena. "Nani katia nambari hizi?"

"Mimi, bibi. Nilianzia mwanzo wa daftari."

"Mwanzo wa wapi? Daftari hili lafunguliwa kutoka kulia, mwanangu. Umemvulia babu yako samaki kinyumenyume!"

Hapo Zilpah naye akacheka, machozi yakamtoka. Wakapindua kurasa zote, Bi Nabiha akasoma, Jacinta akaandika. Ilikuwa habari ya Yesu akiwangoja wanafunzi wake ufuoni alfajiri.

"'Petro alimkana mara tatu,'" Bi Nabiha alisoma. "'Lakini Bwana hakuanza na kesi. Alianza na staftahi.'"

Akaishusha karatasi. "Huyu babako alikuwa mtu."

Zilpah alimsikia mzee waziwazi, sauti yake ya kukwaruza, mkono ukigonga meza.

"Nyanya," Jacinta akasema, "niandike kifungua kinywa? Vijana hawatajua staftahi."

"Wasipojua wataulizana. Eleza kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, lakini neno la baba usiliguse."

Jumamosi asubuhi, mwenyekiti wa kamati alisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya kanisa. Akatabasamu. Akavuta kiti, akasoma tena tangu mwanzo.

"Mama Zilpah, haya yanakaa mbele kabisa. Mzee aliacha mangapi mengine?"

"Madaftari tisa."

"Kitabu hiki kimejaa. Hayo tutayatolea kitabu chake mwenyewe."

Zilpah hakungoja kufika nyumbani. Alisimama papo hapo uani, akapiga simu.

"Bi, tumeingia!"

"Wapi?"

"Kitabuni!"

"Alhamdulillahi! Basi lete daftari la pili leo leo. Babako kamwacha Petro na mwiba wa samaki mkononi, kaulizwa swali, hajajibu, ati jibu ni Jumapili ijayo. Mimi siwezi kungoja Jumapili."