Mghani wa Ndani ya Pijo

Asabi alikuwa mghani, na mama yake kabla yake alikuwa mghani, na mji mzima wa Oyo ulilijua hilo. Iwe harusi, iwe mazishi ya mzee, iwe mtoto anapewa jina, ungeisikia sauti yake kabla hujaiona nyumba yenyewe. Alikuwa akisimama mbele ya mtu na kumtajia wazee wa ukoo wake mmoja baada ya mwingine, na yule mtu, hata awe bahili namna gani, angeingiza mkono mfukoni na kumtunza, noti akaibandika papo hapo kwenye paji la uso la Asabi.

Kisha yakaja maspika. Vijana wa muziki walikodishwa na maspika yao marefu kama makabati, na Asabi akawa anaitwa kughani kidogo tu wakati wageni bado wanatafuta viti. Mwishowe hakuitwa kabisa. Akaweka meza nje ya nyumba, akauza pilipili.

Aliyekuwa na imani na simu katika nyumba ile ni mkwewe Wuraola, mke wa mwanawe Gbadebo, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha lori la Kano. Wuraola alikuwa amejaribu mengi mtandaoni. Kuna kampuni aliyoijibia maswali mwezi mzima, kisha ikamlipa kwa kuponi za duka ambalo Nigeria halipo. Akageukia kuuza vitambaa kwa picha, na hivyo angalau vilimletea chumvi. Baba mkwe wake, mzee Lasisi, dereva wa teksi aliyestaafu, hakuacha kumchokoza.

"Wuraola, leo simu imekupa nini?"

"Imenipa wewe wa kuniuliza, Baba."

"Basi nipike tule."

Asubuhi moja Asabi alikuwa uani akimwogesha mjukuu wake Akanni kwenye beseni, huku akimghania kama alivyowaghania watoto wote wa nyumba ile: mjukuu wa wafua chuma, ninyi mliowapa wakulima majembe na wawindaji mishale, ninyi ambao moto wenu ulikesha hata mfalme alipolala. Mtoto alikuwa akipiga maji kwa viganja na kucheka. Wuraola akawarekodi, akaiweka video mtandaoni, akaenda zake kuchambua mboga.

Aliporudi kuitazama simu, watu wengi walikuwa wameandika. Mmoja wao aliitwa Adeyanju, yuko Calgary, Kanada. "Maneno hayo bibi yangu alikuwa akiniamsha nayo," aliandika. "Sikujua kama bado kuna mtu anayeyajua. Mke wangu amejifungua binti, na Jumamosi tunampa jina. Mama anaweza kumghania kwa simu ya video? Nitalipa."

Wuraola akawasomea wakwe zake. Lasisi akaweka bakuli chini.

"Mtu yuko Kanada, hakujui, humjui, anataka akupe hela umsifie mtoto hujamwona? Mama Gbadebo, hapo pana utapeli. Ama anatutapeli sisi, ama polisi watasema sisi ndio tunamtapeli yeye. Huoni vijana wanavyobebwa kwa mambo ya simu?"

"Nimtapeli nini mimi?" Asabi akauliza. "Nimwibie babu yake?"

"Wewe cheka tu."

"Sicheki. Mtoto wa ukoo wako amezaliwa, wewe unaniambia nikae kimya?"

Lasisi akalichukua tena bakuli lake.

Jumamosi ile alasiri mvua ilianguka kama imetumwa. Umeme ukakatika. Mabati yakapiga kelele, jenereta ya jirani ikaongeza yake. Asabi amekwisha kuvaa nguo za sherehe na kilemba kilichosimama vizuri, Wuraola anahangaika na simu inayokaribia kuzima. Ndani ya nyumba hawakusikilizana hata wao kwa wao.

Lasisi akawatazama, akasonya, akachukua funguo. "Njooni. Msije mkasema mimi ndiye niliyewaharibia."

Gari lake la zamani la teksi, Pijo, halikuwa limebeba abiria kwa muda mrefu, lakini liliwaka. Akaliendesha hadi chini ya paa la kituo cha mafuta kilichofungwa, mahali ambapo mvua haikulifikia, akapandisha vioo na kuiunganisha simu kwenye chaji. Asabi alikaa kiti cha nyuma. Wuraola alipiga magoti kiti cha mbele, amegeuka, ameshika simu kwa mikono miwili. Humo ndani joto lilikuwa la tanuri.

Picha ikaja. Sebule imejaa watu waliovalia, na nyuma yao dirisha jeupe kwa theluji.

"Mbona vichwa vyao vidogo kama maharagwe?" Asabi akanong'ona.

"Wanakusikia, Mama!"

Wale watu wakacheka, na kicheko kile kikamtoa woga. Mama yake Adeyanju akamsogeza mtoto karibu. Asabi akaanza taratibu, kisha sauti ikapanda, ikalijaza gari mpaka vioo vikatetemeka. Akamtaja babu aliyefua, akamtaja bibi aliyevukuta moto, akafika kwa yule aliyekataa kumfulia adui panga. Hapo Wuraola akapunga mkono.

"Mama, imekatika."

"Nani kakata?"

"Mtandao."

"Waambie basi wasikae chini, sijamaliza."

Lasisi akasogeza gari mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta maegesho, mpaka picha ikarudi. Asabi akaendelea palepale kwenye panga. Sasa kule Kanada yule mama mzee akasimama, akafungua mkoba, akaiendea televisheni iliyokuwa ikimwonyesha Asabi na kubandika noti juu ya kioo, kwenye paji lake la uso. Wengine wakamfuata, wakisukumana.

"Mbona wananiziba?" Asabi akalalamika. "Naona mikono tu!"

"Wanakutunza, Mama! Wanakutunza!"

Lasisi alikuwa ametazama mbele, akijifuta uso kwa kitambaa. Alisema ni jasho.

Hela ile ilipofika, Asabi aligawana na Wuraola, na Lasisi akadai ya petroli akapewa. Kazi nyingine zikafuata: harusi za London, watoto wa Dublin, mzee mmoja wa Atlanta aliyetaka tu aamshwe kwa sifa zake siku aliyostaafu. Meza ya pilipili wakampa jirani.

Kisha akaja Kolapo wa Houston. Alikuwa anaoa, na wakwe zake walikuwa watu wenye majina makubwa. Akaomba aghaniwe kama mtoto wa nyumba ya mfalme, malipo mara mbili.

"Sasa huu ndio utapeli," Lasisi akasema.

Asabi hakumkasirikia yule kijana. "Mwanangu, baba yako ni wa nyumba gani?"

"Sijui, Mama," Kolapo akajibu. "Alikufa nikiwa mdogo. Nilisikia tu kwamba alitoka Iseyin."

"Basi tuache kwanza mambo ya mfalme. Nipe jina la babu yako."

Kolapo akalitaja. Iseyin, mji wa wafumaji, haikuwa mbali, na Lasisi alijua kila kona yake tangu enzi za teksi. Akaenda, akauliza kwa wafumaji, akaelekezwa uchochoro huu na ule, akarudi jioni na habari: babu alikuwa mfumaji, na dada wa marehemu baba yake Kolapo yuko hai, anafuma mpaka leo. Asabi mwenyewe akaenda kuketi naye, akajifunza maneno ya ukoo ule kutoka kinywani mwake.

Siku ya harusi Pijo lilikuwa na abiria wawili kiti cha nyuma. Kolapo alisikiliza sifa za wafumaji, walioufunika mji usione baridi, akasimama wima ndani ya nguo zake za harusi, na baba mkwe wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa noti. Asabi alipomaliza, Wuraola akaigeuza simu upande wa yule shangazi.

Shangazi akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alimkagua kijana juu mpaka chini kwa muda mrefu.

"Kolapo," akasema, "hiyo kofia nani kakuvalisha? Iinamishe kulia. Baba yako alikuwa akiinamisha kulia."

Kolapo akacheka huku machozi yanamtoka, akaiinamisha.