Siku Mama Alipofaulu

Ujumbe wa matokeo ya mama ndio uliotangulia kuingia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa dogo la shule, mgongo kwenye matofali yaliyoshika joto la asubuhi, simu mkononi. Upande wa pili wa ukuta wenzangu walikuwa wameshaanza kupuliza filimbi. Nilikuwa nimetuma kode mbili za kuulizia matokeo, yake kwanza na yangu baadaye, kwa heshima tu, kama mtu anavyompisha mkubwa mlangoni. Kabasinge Adèle: amefaulu, asilimia sitini na tatu. Nikatabasamu. Kisha simu ikatetemeka tena, nikasoma jina langu na neno lililolifuata. Nililisoma mara nyingi mno, mpaka herufi zikaacha kuwa herufi.

Mama yangu na mimi tulifanya mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, mwaka mmoja, katika chumba kimoja, tukitenganishwa na madawati manne. Sharti nieleze ilikuwaje.

Mwaka wa 2003, vita vilipoingia Bunia, mama alikuwa darasa la tano la sekondari. Alikimbia kwa miguu hadi Komanda, daftari la hesabu limefungwa ndani ya kitenge kiunoni. Alipofika, mvua na jasho vilikuwa vimegandisha kurasa zote zikawa kitu kimoja kama kipande cha sabuni. Huko Komanda alikutana na baba yangu, Fabien, ambaye alikuwa anajifunza udereva wa lori. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Tuliporudi Bunia, mama akaanza kuuza samaki wa chumvi wanaopanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, na kwa miaka kumi na saba sikumsikia akitaja shule yake hata siku moja.

Halafu siku alipokuja kuchukua ripoti yangu ya darasa la nne, aliketi mbele ya Masera Martine, mtawa aliyekuwa mkuu wa lise yetu ya wasichana, akauliza kama shule iko na mwisho wa umri.

"Uko na miaka ngapi?" Masera akauliza.

"Thelathini na tano."

"Utavaa inifomu kama wengine?"

"Nitavaa."

Basi nilipoingia la tano, mama akaingia nami, sketi ya bluu, blauzi nyeupe, soksi zimevutwa hadi chini ya magoti. Baba alicheka siku ya kwanza. Akasema nyumba yake imegeuka internati, bweni la wanafunzi. Lakini tangu siku hiyo, alipokuwa hayuko safarini, alianza kuosha sahani, ilimradi asionwe na majirani.

Mimi sikucheka. Nilimwomba mama darasani asiniite mutoto wangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Plamedie," kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wateja wapya. Na kweli hakuniita hivyo tena kati ya kuta za shule. Wenzangu, wao, walimpenda. Walimwita Mama Adèle, wakampelekea mambo ya nywele na ya moyo. Mwalimu wa saikolojia alipoeleza jinsi mtoto anavyojifunza na darasa likapotea, alimgeukia yeye, naye akatoa mfano wa sokoni na kila mtu akaelewa. Nilikuwa nakaa mbele, nikiukodolea macho ubao.

Mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa na akili. Katika la nne nilikuwa wa pili. Nilisoma kama mtu anayejua tayari mwisho wa safari yake. Mama alisoma kila jioni kwenye meza ya kulia, baada ya kusugua mikono kwa ndimu ili chumvi itoke. Aliponiuliza jambo la aljebra, nilimjibu kwa ufupi na macho yangu hayakutoka kwenye simu. Wakati mwingine alisubiri niendelee. Akiona siendelei, alisema asante, akarudi kwenye karatasi yake na kuanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Siku ya matokeo aliamka mapema kwenda sokoni kama kawaida. Alinipa kode yake imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. "Utanisomea weye," aliniambia. "Macho yangu itaogopa."

Nilipotoka nyuma ya kanisa sikupita lango kubwa, nilipita kwenye tundu la uzio upande wa bustani ya masera. Njia nzima hadi soko kuu nilipanga maneno. Ningeanza na lake. Ningesema, mama, umefaulu, sitini na tatu, ningemkumbatia, halafu langu lingefuata taratibu, dogo, kama mtoto anayekuja nyuma ya mama yake. Barabarani pikipiki zilipita zikiwa na wasichana watatu watatu, poda nyeupe ya kushangilia waliofaulu vichwani, wengine wakipiga sufuria. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele ya duka alinirushia konzi ya poda bila kuniuliza kitu. Nilijipangusa kwa mkono wa blauzi huku nakimbia.

Mama aliniona nikiwa bado mbali. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima. Sijui kama niliwahi kumwona amesimama hivyo. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake.

"Weye kwanza," akasema.

"Sikupata, mama."

Alifumba macho, akayafumbua. Alinyoosha mkono akanishika shavuni, na kidole chake kilipita kwenye poda iliyobaki karibu na sikio langu. Hakuuliza imetoka wapi.

"Na miye?"

Mpaka leo nikijiuliza nilikuwa nataka nini, sipati jibu moja. Alikuwa karibu nami sana. Mkono wake ulikuwa bado shavuni mwangu. Niliona kwamba nikifungua kinywa nikasema ukweli, mkono ule utaondoka, utapanda juu, utapiga makofi, na mimi nitabaki peke yangu katika mji mzima.

"Na weye pia," nikasema.

Hakulia. Aliketi kwenye kigoda chake, akachukua kisu, akakata mkia wa samaki aliyekuwa mbele yake, kisha akakata tena pale pale ambapo palikuwa pameshakatwa. Mteja wake, bibi mmoja aliyekuwa anasubiri na kapu, aligeuza uso pembeni.

"Basi," mama akasema. "Tutarudilia siye wawili. Mwaka huu nilikuacha peke yako kule mbele. Mwaka unaokuja tutakaa kiti moja, tusome pamoja. Usijali, Plamedie."

Alisema Plamedie, si mutoto wangu, hapa sokoni, mahali ambapo sikuwahi kumkataza kitu. Hapo ndipo nilipotaka kumwambia ukweli. Nilisema, "Mama," naye akasema, "Ngoja nimalize kwanza huyu bibi," na kabla hajamaliza tukasikia filimbi upande wa wauza mboga.

Masera Martine alikuwa amesoma orodha kwa sauti uani mwa shule. Wasichana ishirini na sita, ishirini na watano wamefaulu. Walipoona Mama Adèle hayuko, darasa zima likaamua kumfuata. Mbele alikuwa Valérie, aliyekaa dawati moja na mama kwa miaka miwili, na kopo la poda kichwani kama mtungi. Wanawake wa soko waliwapisha wakipiga vigelegele bila kujua bado ni vya nani.

"Mama Adèle, soixante-trois, sitini na tatu," Valérie akasema, akihema. "Umetupita wote. Uko unauza samaki bado?"

Nilitazama chini. Kulikuwa na magamba ya samaki kwenye tope, yanang'aa. Nilisubiri. Nilijua mama ananitazama, na nilijua kwamba wenzangu nao, kwa kuona anavyonitazama, wataelewa sasa hivi kwamba nilimdanganya.

"Plamedie alishaniambia," mama akasema. "Ni yeye alinijulisha wa kwanza. Nilitaka tu kumalizia huyu bibi samaki yake."

Yule bibi aliyekuwa amesikia kila kitu alipokea samaki wake, akasema, "Ni kweli," akaondoka.

Poda ikamwagika. Ilijaza nywele za mama, mabega, kitenge chenye harufu ya chumvi, hata mizani. Wakamnyanyua. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu ni mwepesi. Katikati ya mikono yao alifungua kitenge alichojifunga kazini, akanirushia mimi. "Baki na samaki," akasema. Nikajifunga. Wakaenda naye, na nilisikia kelele zao zikizunguka soko, zikitokea kwenye barabara kubwa, zikipotea upande wa shule.

Niliuza mchana kutwa. Watu walikuja wakaniuliza mwenye meza yuko wapi, nikawajibu kwamba amepata diploma. Mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. Baadaye ilipanda. Kufikia saa tisa nilikuwa nawaambia hata wasioniuliza.

Alirudi jua likiwa bado juu, sauti imekauka, uso mweupe wenye michirizi ya jasho. Alinisaidia kufunika samaki waliobaki. Tulipofika kwenye gunia la mwisho, nikasema mimi.

"Nilisema uongo."

"Najua."

"Mbona hukusema mbele yao?"

Alikunja gunia mara mbili, akaliweka. "Bunia ni kadogo. Wangekukumbuka na ile tu, mpaka uzeeke." Halafu akanigeukia. "Lakini usifikiri haikuniumiza. Ni dakika chache, lakini zile dakika nilirudia Komanda, nikafungua lile daftari, nikakuta karatasi zimeshikana. Unaelewa? Usinifanyie tena vile."

"Sitakufanyia."

"Bon. Kesho tuende kwa Masera tuandikishe jina yako."

Tulienda. Nilirudia la sita nikiwa peke yangu, nikasoma kwenye meza ya kulia, na mama ndiye aliyeniuliza maswali. Mwaka ule yeye alianza kufundisha watoto wa waliokimbia vita vya Djugu, katika shule ya mahema pembezoni mwa mji, watoto themanini na ubao mmoja. Mimi nilipata asilimia hamsini na nne. Poda ilikuwa ile ile, na baba alipuliza filimbi mpaka ikavunjika.

Mwaka huu mdogo wangu Denise ameingia la sita. Jumapili iliyopita tulikuwa uani, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, mama anachambua mchele, na Denise akamwomba amsimulie tena ile siku ya matokeo. Mama akasimulia. Alieleza filimbi, mikono ya wasichana, mizani iliyojaa poda.

"Lakini wa kwanza kuniambia alikuwa dada yako," akasema. "Alikimbia toka shule mpaka soko. Yeye mwenyewe alikuwa ameanguka, lakini alikimbia."

Nikauacha mchi. Nilimtazama, nikafungua kinywa niseme ilivyokuwa kweli. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Twanga, mutoto wangu," akasema. "Watu iko na njaa."

Nikatwanga.