Miguu Mirefu, Shingo Fupi

Vita vilipotoka Jinja mwaka 1979, studio yangu haikuwa na umeme. Haikuwa na balbu za flashi, wala kiti cha wateja, wala lile pazia la maua walilokuwa wakisimama mbele yake. Haikuwa na mlango. Stendi ya kamera ilikwenda na askari waliokuwa wakikimbia, na mpaka leo sijui waliidhani nini. Mimi mwenyewe sikuwa na mgongo unaokunjika. Askari hao hao walinipiga kwa vitako vya bunduki kwa sababu nilichelewa kupiga magoti, na mtu wa futi sita na inchi nne huchelewa kufika chini. Daktari alisema mifupa imeunga vibaya. Nitatembea, nitasimama, nitalala. Kuinama, basi.

Kamera ilibaki. Mke wangu Namukose aliifunga kwenye nailoni akaizika kwenye jivu nyuma ya jiko, na hakuna askari aliyechakura jivu.

Kazi ya kwanza ililetwa na Bwana Semei, meneja wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa kinafufuliwa. Alitaka picha moja ya wafanyakazi wote, mle ndani ya ukumbi wa kufumia, mbele ya mashine zao.

"Ikitoka safi, Bwana Kirunda, picha zote za kiwanda ni zako," alisema. "Isipotoka, nitamwita mtu wa Kampala." Kisha akanitazama mgongo, akadhani sikumwona.

Ukumbi ule niliujua, ni giza tupu. Bila flashi ingebidi kamera iachwe wazi sekunde mbili nzima, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde mbili. Nilihitaji stendi isiyotikisika. Tena nilihitaji inayofika machoni pangu nikiwa nimesimama wima. Miaka ishirini nilikuwa nimejikunja juu ya stendi fupi kama mtu anayechungulia chunguni. Sasa hata kama ningetaka, nisingeweza. Na sikutaka.

"Baba Erisa," alisema Namukose, "mpiga picha asiyeinama ni kama mvuvi wa Masese asiyetaka kulowa. Uza kamera, twende Buwenge kwa kaka yako tukalime."

"Na kulima ni kwa kusimama?"

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Asubuhi yake nikapanda basi la Mbale.

Mbale nilimfuata Hajji Zubairi Mafabi, aliyekuwa akiuza saa, redio na vitu vya kamera tangu zamani. Duka lake lilikuwa limeporwa kama mengine, lakini Hajji alikuwa na bidhaa nyingine nyumbani, chini ya kitanda. Alinipandishia macho kutoka viatuni hadi kichwani.

"Mashallah. Wewe ukitaka picha ya mtu mfupi, unampandisha mti?"

"Nataka stendi, Hajji. Ngumu, na ndefu kama mimi."

Akaleta moja ya alumini, inang'aa, imetoka Nairobi. Akavuta miguu, ikanifika kifuani. Kisha akazungusha mkono mdogo, na katikati ya ile miguu ikapanda nguzo nyembamba, juu, juu, mpaka ikafika puani mwangu.

"Chukua," alisema. "Imekufika."

"Niletee glasi ya maji."

"Una kiu?"

"Ijaze mpaka ukingoni."

Nikaiweka glasi juu ya kile kibamba cha kushikia kamera, nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Maji yakacheza, yakamwagika kwenye mkeka wa Hajji. Nikaishusha ile nguzo mpaka chini, nikajaza tena, nikakanyaga. Maji yakatetemeka kidogo, yakatulia. Lakini sasa ilikuwa stendi ya mtu mfupi.

"Umeona?" nilimwambia. "Urefu wake ni wa shingo. Mimi nataka urefu wa miguu."

Hajji akaita ndani kwa sauti kubwa: "Mama Khainza, njoo uone maajabu! Twiga amekuja nyumbani kwangu, anakataa shingo ndefu!"

Mkewe akachungulia, akacheka, na mimi nikacheka. Lakini sikuichukua. Hajji akanibembeleza, akasema niweke matofali chini ya miguu yake, akasema wenzangu wa Nairobi wanatumia hiyo hiyo.

"Wao wanainama, Hajji."

"Na wewe una nini hata usiiname?"

Nikageuka, nikainua shati, nikamwonyesha mgongo. Halafu akaingia chumba cha ndani, na nikasikia vitu vizito vikisogezwa.

Alichotoa kilikuwa cha mbao. Ilikuwa stendi ya mpima ardhi, shemeji yake, ambaye zamani aliisimamishia darubini ya kupimia mashamba, na alipostaafu akamwachia Hajji. Miguu mitatu mipana, kila mmoja una ncha ya chuma ya kuchoma ardhini, na juu kibamba cha shaba. Shingo hakuna kabisa. Niliinyoosha miguu, nikakaza vishikizo, nikasimama nyuma yake. Kibamba kilikuwa chini kidogo tu ya kidevu changu, na kamera ikikaa juu yake itafika jichoni.

Hajji mwenyewe akajaza glasi, na yeye mwenyewe akakanyaga. Akaruka kwa miguu miwili, mzee mzima, kanzu ikapepea. Maji hayakumwagika.

"Lakini nzito kama ndama," alisema.

"Mgongo wangu hauinami, Hajji. Kubeba unabeba."

Nilimwachia saa yangu ya mkononi iwe malipo. Tundu la kibamba lilikuwa kubwa kuliko skrubu ya kamera, kwa hiyo fundi baiskeli wa jirani akanichongea kipande cha kuliziba, na jioni kamera ikakaa imara.

Kesho yake, kabla ya kufika Iganga, basi lilisimamishwa kwenye kizuizi. Askari mmoja, kijana mfupi mwenye kofia kubwa, aliona ile miguu juu ya basi.

"Wewe murefu! Shuka! Hii nini?"

"Stendi ya kamera, afande."

"Uongo. Hii miguu ya rashasha. Mimi najua. Piga magoti!"

Abiria wote wakatazama chini. Nilisikia mgongo wote ukiwaka, kama ule mwezi wa Aprili nilipopigwa. Nikabaki nimesimama.

"Afande, waliokutangulia waliniambia hivyo hivyo, wakanivunja mgongo. Haushuki tena. Ukitaka kupiga, piga. Lakini kwanza njoo uangalie hii rashasha yangu."

Niliisimamisha katikati ya barabara, nikafunga kamera juu yake. Kijana akasogea, akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Jicho halikufika. Mwenzake akacheka. Ikabidi alete kreti la soda, akapanda, akachungulia. Akaona barabara, basi, na abiria wakimtazama.

"Kweli kamera," alisema polepole, bado yuko juu ya kreti. "Kwa nini ndefu hivi?"

"Kwa sababu mimi mrefu."

Akafikiri. "Basi pita," akasema.

Siku ya picha, mafundi walikuwa wakijaribu mashine moja mwisho wa ukumbi, na sakafu ilikuwa inanguruma. Bwana Semei akakataa kuizima. Nilichoma zile ncha za chuma kwenye magunia ya pamba ili yameze mtikisiko, nikasimama wima nyuma ya kamera, nikawaambia watu mia tatu wabane pumzi. Mzee Yekosofati wa idara ya rangi alifumba macho, na katika picha unaweza kuona kope zake. Wengine wote wanakutazama.

Nilidhani sasa yamekwisha. Wiki ile ile karani wa kiwanda, Nangobi, akaniletea karatasi ya meneja. Humo meneja alisifu picha. Kazi ilikuwa yangu. Ila siku ya ufunguzi wageni wakubwa watakuja, na wapiga picha wote watachuchumaa mbele ya jukwaa wasije wakawaziba. Asiyeweza, amtume mwingine mahali pake.

"Ameniambia nisubiri jibu," alisema Nangobi.

Shule ya usiku ya Walukuba ilinifundisha kwamba barua ya kuomba huanza kwa heshima ndefu. Hii haikuwa ya kuomba. Niliandika:

"Bwana Meneja, sitachuchumaa, na sitamtuma mtu. Nitasimama nyuma ya wageni wote, mahali ambapo simzibi yeyote. Stendi yangu inaona juu ya vichwa vyao. Nitafika mapema kuisimamisha. Y. Kirunda, Mpiga Picha."

Nangobi alisoma juu ya bega langu. "Mzee, huweki hata 'tafadhali'?"

"Karatasi imejaa."

Nikalamba gundi, nikaibana bahasha kwa ngumi, nikampa, naye akaondoka nayo kuelekea kiwandani.