Mafiga ya Wachuka

"Hili jiko ni la nani?" Karani Nicodemus aliuliza, akiyagusa kwa kiatu mafiga matatu nyuma ya ukumbi wa Bondeni.

Akeyo, mpishi wa ukumbi, aliganda na mwiko mkononi. Mafiga yalikuwa ya Wachuka, bibi aliyefukuzwa shamba la mzungu kule Bahati pamoja na wajukuu wake. Tangu wakoloni watangaze Dharura, serikali iliwalipia waliofukuzwa malazi na uji katika ukumbi huo, lakini aliyeonekana akijipikia alihesabiwa kuwa anajiweza, akapandishwa lori la kwenda rizavu, eneo walilotengewa watu wa kabila lake. Wachuka alizaliwa Bahati. Huko rizavu hakuwa na mtu hata wa kumpa maji ya kunywa.

Alionywa, akapika vilevile. Kwake yeye, mwanamke asiye na mafiga yake hana nyumba, na wajukuu wake hawangelelewa na sufuria ya serikali. Kichwa kigumu kabisa, na Akeyo alimpenda kwa kichwa hicho hicho.

Bibi, aliyesimama kando ya jiko, akafungua mdomo. Akeyo akamwahi.

"Ni langu, Bwana Karani."

"Wewe uko na jiko huko ndani. Hili ni la nini?"

"Uji peke yake hainishibishi."

Nicodemus alifunua sufuria: mahindi na maharagwe, yameiva vizuri. Kisha akaitazama mikono ya Wachuka iliyojaa masizi. Hakuwa mjinga.

"Mama, wacha mchezo. Mpishi akijipikia kazini, kazi yake imekwisha. Unajua?"

"Najua."

"Na bado ni lako?"

Akeyo alikuwa mjane wa mtu wa reli, na kodi ya chumba chake ilitoka kwenye mwiko ule.

"Ni langu," akasema.

"Basi kesho usikuje."

Karani alipoondoka, Akeyo alifungua aproni na kuikunja polepole. Wachuka alichukua sahani, akainama juu ya sufuria, akapakua. Wajukuu wakanyoosha mikono, kwa kuwa kila siku walianza wao. Bibi akawapita.

"Kaa chini, mama," akamwambia Akeyo. "Kula."

Tangu ukumbi ufunguliwe, hakuna aliyewahi kumpakulia. Akeyo akaketi kwenye nyasi, sahani ya moto mapajani, asijue mikono aiweke wapi.