Ukuta wa Chumba Namba Sita

Saa mbili kasorobo asubuhi Aila Koskela alisimamisha basi namba nne mbele ya duka la samaki, akafuta jicho la kushoto kwa mgongo wa mkono, akafungua mlango. Mzee mwenye kofia ya manyoya alipanda, akamtazama, akaenda kuketi nyuma kabisa. Kufikia Ijumaa malalamiko manne yalikuwa yamefika ofisini: dereva analia.

"Umegombana na Reino?" aliuliza Gord, msimamizi wake.

"Hapana."

"Umekunywa?"

"Gord, jicho linavuja tu."

"Basi niletee karatasi ya daktari, dada yangu. Bila karatasi hushiki usukani."

Nyumbani mumewe naye alikuwa na lake. Aila akiingia kuoga, Reino hupekua simu yake.

"Sema ukweli, mke wangu. Unamlilia nani?"

"Simlilii mtu."

"Miezi mitano, halafu humlilii mtu?"

Miaka miwili nyuma Aila aliondolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Baadaye alilazwa peke yake siku tatu katika chumba namba sita cha hospitali ya Lantry Mills, akameza kidonge cha iodini yenye mionzi. Kikaratasi alichopewa kilieleza habari za kinywa, tumbo na shingo. Macho hayakutajwa. Saratani iliisha, naye alishukuru.

Daktari Whitlock, aliyempa kile kidonge, alisema ni chavua za maua.

"Daktari, huu ni Februari. Theluji imefika dirishani."

"Basi ni umri."

Alisema hivyo huku amefunika faili kwa kiganja. Aila alikiona kile kiganja. Akapanda ghorofa ya juu kwa mtaalamu wa macho.

Mtaalamu aliingiza maji ya chumvi kwenye kona ya jicho kwa bomba jembamba la sindano.

"Ukisikia chumvi kooni, niambie."

Hakusikia kitu. Mtaalamu akaongeza. Bado.

"Mfereji wa machozi umeziba. Ni ile iodini, huwatokea baadhi ya watu. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Ila maji yalipaswa kurudi jichoni, na hayakurudi." Akaliandika hilo kwenye faili, akampangia upasuaji wa Aprili.

Kwenye ngazi Aila alikutana na Filomena Arruda, mfanya usafi. Filomena alimkagua jicho, kisha akampima urefu kwa macho.

"Wewe ndiye wa kushoto, karibu na swichi?"

Akampeleka chumba namba sita. Ukutani michirizi tisa ya maji ilikuwa ikitoka kwenye rangi, kila mmoja kwenye kimo cha jicho la mtu aliyekaa kitandani. Mmoja ulikuwa ukienda kasi.

"Huu wako. Sasa hivi tu umemwaga kikombe kizima."

Aila aliugusa, akaonja kidole: chumvi. Ulikuwa wake.

"Hawa wengine ni nani?"

"Majina siyajui, mama. Nawajua kwa kimo."

"Na Whitlock anajua?"

"Yeye ndiye aliyeniletea ndoo."

Aila akamwita daktari, wakasimama watatu mbele ya ukuta.

"Ni bomba hilo," alisema Whitlock.

"Bomba la chumvi?"

"Bomba la zamani."

"Nipe majina ya hawa wenzangu niwaambie. Huenda wanasingiziwa mambo huko makwao."

"Siri za wagonjwa hazitolewi."

"Basi ongeza mstari mmoja kwenye kikaratasi."

"Tutawatia watu hofu bure."

Aprili Aila alipasuliwa, njia mpya ya machozi ikafunguliwa kuelekea puani. Jicho likatulia. Gord akamrudishia basi. Reino akaacha kupekua simu, ingawa alianza kujiuliza kwa nini mkewe halii tena. Ukutani mchirizi wa karibu na swichi ulikauka, na Whitlock akaandika kwenye ripoti kwamba bomba limeanza kujirekebisha lenyewe. Filomena aliendelea kufuta ile minane.

Jumatatu iliyofuata akalazwa mgonjwa mpya, fundi wa piano. Alisoma kikaratasi mara mbili, akauliza kama kuna jambo jingine anapaswa kujua. Whitlock akamwambia hakuna, akakisogeza kitanda mbali kidogo na ukuta, shuka zisilowe.